Aliyenifundisha kusoma ameniletea ripoti ambayo hakuiandika

Shangazi, salamu nyingi.

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, idara ya elimu ya msingi. Nina miaka 34 na mkataba wangu unaisha Januari. Wanafunzi wangu wengi ni walimu walio kazini, wanaokuja chuoni shule zinapofungwa. Hali unaijua: tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 itake kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada, walimu wa cheti na stashahada wamejaa kwetu. Wanapanga chumba kimoja watu wanne, wanakaa darasani asubuhi hadi jioni, na likizo ikiisha wanapanda basi kurudi kwa watoto wa watu.

Mwaka juzi, siku ya kwanza ya likizo ya Agosti, niliingia ukumbini nikaona uso ninaoujua kwenye safu ya pili. Madamu. Jina lake silitaji hapa. Ndiye aliyenifundisha kusoma.

Nilianza darasa la kwanza 1997, mwaka ule ada ya shule za msingi ilipofutwa. Tulikuwa zaidi ya watoto mia chini ya mwembe mmoja, nje kidogo ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baba alifanya biashara kati ya Arua na Ariwara, upande wa Congo, na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kilugbara, lugha ya huko, sikukijua vizuri, Kiingereza ndiyo kabisa. Muhula mzima nilikaa kama bubu. Madamu alikuwa na miaka 23, ametoka chuo cha ualimu juzijuzi. Jioni wenzangu walipokwenda, alinibakisha, akachora herufi mchangani kwa kijiti, akakishika kidole changu akakipitisha juu yake. Herufi ya kwanza niliyoisoma maishani ni m. Mama. Maji. Mwembe. Shangazi, shahada zangu zote mbili zimetoka mchangani pale.

Sasa yeye ndiye ananiita Madamu. Nikiingia darasani anasimama. Nilimwomba asisimame, akakataa: "Hapa wewe ndiwe mwalimu."

Idara ikanipangia kumsimamia utafiti wake. Mada aliichagua mwenyewe: kwa nini watoto wa darasa la tatu shuleni kwake hawawezi kusoma. Siku ya kwanza alikuja na daftari la kurasa 96, jalada la kijani, alilolianza Januari 2022 shule zilipofunguliwa baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa ajili ya korona. Upande wa kushoto majina ya watoto, kulia mambo aliyoyaona. "Huyu anasoma ubaoni, kitabuni hasomi." "Huyu anakariri ukurasa wote, kidole kiko mstari mwingine." Nililipitia harakaharaka, nikamwambia ni zuri, ila kwanza aandike sura ya kwanza, usuli wa tatizo, kisha atafute machapisho ya kurejelea. Akaitikia, akalifunga. Baada ya hapo alinyamaza miezi saba. Nami nina wanafunzi 26 wa kusimamia.

Wiki mbili zilizopita alileta ripoti nzima, kurasa 68, imeshajalidiwa. Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Ina majedwali ya watu 120 waliojaza hojaji, na mimi najua shule yake haina walimu wala wazazi wa kufika idadi hiyo kwa namna ile. Ukurasa wa 41 unazungumzia "wanafunzi wa sekondari wilayani Mukono". Mukono, Shangazi, huko karibu na Kampala, mbali kabisa na Arua! Mwenzangu aliipitisha kwenye programu moja ya mtandaoni, ikasema sehemu kubwa imeandikwa na mashine ya akili bandia. Nilimuuliza Madamu amechapia wapi. Akatazama sakafu: "Kwa wale vijana wa getini." Kila mtu hapa anajua vijana wa getini wanauza nini. Nimesikia bei ni laki tatu na nusu. Mshahara wa Madamu haufiki laki tano, na ana mkopo kwenye chama chao cha akiba.

Natakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi ili ripoti iende kwa watahini, naye ahitimu na wenzake. Ana miaka 51, anaogopa kuondolewa kazini kabla ya kustaafu. Mwenzangu mmoja ananiambia nisaini, nusu ya ripoti zote ziko hivyo. Mume wangu anasema usimfungie mlango aliyekufungulia. Lakini mwaka jana kijana mmoja alifanya hivihivi, nikampeleka kwenye kamati, akasimamishwa mwaka mzima. Huwa nakutana naye.

Nikisaini nitakuwa mwongo. Nisiposaini nitakuwa mtovu wa shukrani. Silali. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Madamu

*

Mwalimu,

Barua yako niliisoma usiku, na asubuhi nikairudia kabla ya chai. Mahali niliposimama muda mrefu ni kwenye lile daftari la kijani. Nitakurudisha huko, lakini kwanza nikuambie nilivyokuelewa.

Mezani pako kuna ripoti ambayo una sababu nzito ya kuamini imeandikwa na mtu mwingine. Aliyeileta ni mtu ambaye, kama asingekubakisha jioni zile chini ya mwembe, huenda leo ungekuwa unauza bidhaa Ariwara. Sahihi yako inasubiriwa. Na nyuma yako amesimama kijana wa mwaka jana, uliyemfuatishia sheria hadi mwisho. Mizigo hii mitatu umeifunga mtumba mmoja ukajitwisha, na nadhani ndiyo sababu huoni njia. Tuifungue.

Tuanze na ripoti yenyewe. Una hakika gani, na ya kitu gani? Mukono ni ushahidi, sikukatalii. Hauwezi kuingia kwa bahati mbaya katika kazi ya mtu aliyefundisha nje ya Arua maisha yake yote. Lakini Kiingereza kilichonyooka peke yake hakithibitishi lolote, na ile programu ya mtandaoni naomba uiweke kando kabisa. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, waliwahi kutoa programu yao ya kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 wakaiondoa wenyewe kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Wanaoonewa zaidi na programu za namna hiyo ni watu kama sisi, ambao Kiingereza tumejifunza shuleni. Hata zile zinazokagua wizi wa maandishi hupima tu maneno yanavyofanana na mengine. Nani alishika kalamu, hazijui.

Halafu kuna jambo ambalo barua yako haina. Hukumuuliza Madamu alichokifanya. Ulimuuliza alikochapia, akatazama sakafu, na kutokana na kutazama sakafu huko umejenga kisa kizima pamoja na bei yake. Huenda ni kweli tupu. Huenda pia aliwapelekea vijana kurasa zake za mkono ili wazichape, wao wakamwambia haziko sawa, wakazijaza maneno ya ripoti nyingine waliyo nayo kwenye kompyuta, naye akalipa bila kujua ukurasa wa 41 una nini. Tofauti ya visa hivyo viwili ni kubwa. Na anayeijua ni mmoja tu, hata sasa anasubiri useme neno.

Hapa nitakugusa panapouma kidogo, unisamehe. Umeandika kwamba alinyamaza miezi saba, kisha ukaongeza kwamba una wanafunzi 26. Nimeisikia aibu yako katika sentensi hiyo. Mzigo wa wanafunzi 26 haukuupanga wewe, na msimamizi mmoja kuwafuata wote kwa simu ni kazi ngumu. Lakini hebu jaribu kukaa mahali pake. Mwanamke wa miaka 51, ana cheti cha miaka miwili ya chuo cha ualimu, akaongeza stashahada likizo kwa likizo. Tangu mtaala wa 2007 ulete lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya chini, kazi yake ya kila siku ni Kilugbara. Leo anatakiwa aandike kurasa sitini na kitu za Kiingereza cha wasomi, zenye usuli, mapengo ya utafiti na majedwali. Amekwama. Wa kumwambia "sijui" ni nani? Ni yule mtoto aliyemshika kidole.

Nadhani hilo lingekuwa gumu kwake kuliko laki tatu na nusu. Anasimama ukiingia kwa sababu anakuheshimu, ndiyo, lakini kusimama huko pia ni ukuta. Mtu anaweza kujificha nyuma ya heshima muhula mzima, mwalimu wake asijue. Wewe mwenyewe ulikaa muhula mzima ukiwa bubu mbele yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuvunja ukimya ule.

Sasa daftari. Ulilipitia harakaharaka, ukamwambia ni zuri, ukamtuma akaandike sura ya kwanza. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote, na sura ya kwanza ni lazima iwepo. Lakini hebu tusome tena mistari miwili uliyoikumbuka wewe mwenyewe, zaidi ya miezi saba baadaye, bila daftari mbele yako. "Huyu anasoma ubaoni, kitabuni hasomi." Je, ni macho? Ni herufi za kitabu kuwa ndogo? Au nyumbani hajawahi kushika kitabu, na shuleni wanakishika watoto sita kwa mara moja? "Huyu anakariri ukurasa wote, kidole kiko mstari mwingine." Mtoto huyo angepita katika mtihani wa kusoma kwa sauti bila kujua hata neno moja, na mwalimu asiyetazama kidole angempa alama zote. Madamu alitazama kidole. Aliandika alichokiona. Aliendelea tangu Januari 2022, wakati nchi nzima ilikuwa ikijiuliza watoto wamepoteza nini katika miezi ile ya kufungwa.

Mwalimu, huo ni utafiti. Una swali, una watu wake halisi, una uchunguzi wa muda mrefu kuliko hojaji yoyote ya wiki mbili. Hata jina unalo: utafiti tendaji, wa mwalimu kulichunguza darasa lake mwenyewe. Linaloniuma ni kwamba alikuwa nao mkononi siku ya kwanza, na akatoka ofisini kwako akiamini kwamba utafiti ni kitu kingine, kitu chenye watu 120 na majedwali, kinachopatikana getini. Silisemi hili kukulaumu. Nalisema kwa sababu linabadilisha swali lako. Ulikuja ukiuliza kama umwadhibu au umfiche. Mimi natamani kujua kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwonyesha namna daftari lile linavyogeuka kuwa ripoti.

Kuhusu sahihi. Ukisaini, utampunguzia hofu ya mwezi huu. Lakini Mukono imo ukurasa wa 41, na mtahini wa nje husoma akiwa na kalamu. Ikigunduliwa huko, litakuwa kosa la mtihani kamili, lina jina lake na jina lako, na mkataba wako ni wa Januari. Isipogunduliwa, bado shahada inaweza kufutwa hata baada ya mahafali, na atakaa na hofu hiyo hadi siku ya kustaafu. Kuna na jambo dogo zaidi, ambalo nadhani wewe ungelihisi kila mkutanapo: angejua kwamba unajua.

Ukimpeleka kwenye kamati moja kwa moja, utakuwa sawa na ulivyokuwa mwaka jana, na haki ya namna hiyo ina uzito wake. Ila fungua kanuni za chuo chako usome kwa makini kosa linaanzia wapi. Vyuo vingi hutofautisha rasimu iliyo mikononi mwa msimamizi na kazi iliyokwisha kuwasilishwa kutahiniwa. Hii ya Madamu, ijapokuwa imejalidiwa vizuri, bado iko mezani pako. Ya yule kijana ilikuwa wapi ulipoikamata? Kama ilikuwa imeshawasilishwa, tofauti ni ya kweli na unaweza kuieleza mbele ya mtu yeyote, yeye akiwemo. Kama nayo ilikuwa rasimu, basi kijana huyo ana swali la haki juu yako, na Madamu si mtu wa kulijibu kwa niaba yako. Itabidi ulijibu mwenyewe, pengine kwa kumtafuta kijana mwenyewe na kumwuliza amefikia wapi.

Njia ya tatu ni kumwomba mkuu wa idara amhamishie kwa msimamizi mwingine, ukieleza wazi kwamba alikuwa mwalimu wako. Kwa kweli jambo hilo lingefaa kusemwa tangu mwaka juzi, na hujachelewa kulisema. Litakulinda, na litamwondolea yeye aibu ya kukutazama usoni. Hatari yake ni kwamba msimamizi mpya hatalijua daftari. Anaweza kusaini kwa dakika tano, au kumpeleka kwenye kamati kwa dakika tano hizohizo.

Na ipo njia ya kumrudishia ripoti kama rasimu iliyokataliwa, mkaanza upya. Ni ndefu. Hatahitimu mwaka huu. Laki tatu na nusu imekwenda na deni la chama linabaki. Wenzake watavaa majoho yeye akitazama, na kijijini wataulizana. Wewe nawe utatakiwa kumpa saa ambazo wanafunzi wako 25 wengine hawazipati, na hilo pia ni suala la haki, usilifumbie macho. Lakini hebu mpige hesabu pamoja: akihitimu mwakani atakuwa na miaka 52, na watumishi wa umma hustaafu wakiwa na 60. Hofu ya kuondolewa kazini ni ya kweli kwa walimu wengi siku hizi, ila mwulizeni afisa elimu wa wilaya mambo yamesimama wapi kwa mtu ambaye tayari yuko masomoni, kabla hofu hiyo haijawaamulia. Nimewaona walimu wakifanya mambo mazito kwa tarehe ambayo hakuna aliyewapa.

Umetaja shukrani. Mume wako ana moyo mzuri, na methali yake naijua. Ila rudi mchangani kidogo. Jioni ile Madamu angeweza kukuandikia jina lako kwenye karatasi ukaenda nalo nyumbani, baba akafurahi. Alichagua njia iliyomchosha, akabaki mpaka kidole chako chenyewe kikaijua m. Kama unatafuta namna ya kumlipa, nadhani yeye mwenyewe alikuonyesha malipo ya aina gani anayaheshimu. Lakini uzito wa jambo hilo katika uamuzi wako utaupima wewe, maana aliyekuwa pale ni wewe.

Kuhusu vijana wa getini na wenzako wanaosema nusu ya ripoti ziko hivyo: hilo ni la idara nzima na lizungumzwe kwenye kikao, bila jina la Madamu kutajwa. Usimfanye yeye awe mfano wa kufundishia wengine.

Kabla ya kuamua lolote kati ya hayo, ningependa umpigie simu. Usimwite ofisini, huko atasimama. Mwombe mkutane mahali pa chai, wewe ufike kwanza, na mzungumze kwa Kiswahili au kwa Kilugbara chenu cha kuchanganya. Ripoti ibaki mkobani. Mwambie aje na daftari la kijani, na mkae upande mmoja wa meza ili wote wawili muweze kulisoma. Muulize yule mtoto anayesoma ubaoni na kitabuni hasomi ni nani, na siku hizi anaendeleaje.